Munkoyo Huamuliwa Siku ya Kwanza

Anayeanza kujifunza kutengeneza munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi uliotiwa mizizi na kuachwa uchache, huelekeza macho yake mwishoni mwa kazi. Huhesabu siku, hufunua chombo kutazama povu, huonja, huuliza wenzake kama umekolea au bado. Ukiharibika, lawama huuangukia uchachu: umechacha kupita kiasi, umekataa kuchacha, baridi imeuvuruga. Hoja ya makala haya ni kwamba mtu huyo anatafuta jibu mahali ambapo halipo. Utamu wa munkoyo, nguvu yake, na zaidi ya yote usalama wake, huamuliwa siku ya kwanza, kabla povu halijaonekana: kwenye nafaka iliyochaguliwa, maji yaliyotumika, joto la uji wakati mizizi inapotiwa, na chombo kinachoupokea. Uchachu hukamilisha kilichoandaliwa, lakini hauna uwezo wa kusahihisha kilichokosewa. Nyota njema huonekana asubuhi, na kwa mtengenezaji chipukizi asubuhi hiyo ndiyo yenye masomo mengi kuliko siku zote zinazofuata.

Kamina ni mahali panapofaa kulizungumzia jambo hili. Mji huu, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, uko kwenye njia panda ya reli: upande mmoja treni huja kutoka Lubumbashi, upande mwingine huelekea Kananga na Ilebo, na tawi la tatu huenda Kabalo hadi Kalemie. Mahindi ndiyo chakula cha kila siku, na mashamba ya Kaniama yako katika jimbo hilihili. Palipo na mahindi, Katanga yote na ng'ambo ya mpaka hadi Zambia, pana munkoyo. Siku ya kwanza ni kinywaji kitamu cha watoto na cha anayetoka kazini na kiu. Kesho yake umeingia ukali. Ukiachwa zaidi, unakuwa pombe, ingawa si kali. Chungu ni kilekile na uji ni uleule, kinachobadilika ni muda na kazi ya viumbe visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana munkoyo ni shule nzuri kwa mtu anayeanza: unaonyesha kila hatua, na gharama yake ni ndogo kiasi kwamba kosa la leo halifilisi nyumba.

Tuanze na swali ambalo wengi hawajiulizi: mizizi ile ina kazi gani? Mahindi yana wanga mwingi, lakini chachu haiwezi kuula wanga jinsi ulivyo. Inahitaji sukari. Wanga ni sukari iliyoungana punje kwa punje kama ushanga kwenye uzi mrefu, na mpaka uzi ukatwe, chachu haina cha kula. Zabibu, ndizi mbivu na utomvu wa mnazi havina shida hiyo, maana sukari yake iko wazi, na mgema hahitaji mzizi wowote. Watu wa nafaka duniani kote wamelazimika kutafuta kisu cha kuukata uzi huo. Wazungu hutumia shayiri iliyooteshwa. Watanzania hutia kimea cha ulezi au mtama kwenye togwa. Wajapani hutumia ukungu maalumu unaooteshwa juu ya wali. Katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, wanawake walitafuna mahindi ili mate yafanye kazi hiyo. Watu wa Katanga na Zambia walikiona kisu chao porini, kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde ambayo wanabotania wanaiita Rhynchosia, Eminia na Vigna. Ndani ya mizizi hiyo mna vimeng'enya vilevile vinavyopatikana kwenye kimea. Ugunduzi huo ni mkubwa, na waliouweka hai kizazi baada ya kizazi ni wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kazi ya mizizi inaonekana waziwazi kwa anayetazama. Uji wa mahindi unapotoka motoni ni mzito, mwiko unasimama. Mizizi iliyosafishwa na kupondwa mpaka ikawa nyuzinyuzi inatumbukizwa na kukorogwa. Muda si mrefu uji unalegea, unaanza kumiminika, na rangi yake nyeupe iliyofifia inaelekea kuwa ya maji ya tope jepesi. Ukionja kabla na baada, utakuta kitu kilichokuwa hakina ladha sasa kina utamu, ingawa hakuna aliyetia sukari. Hapo uchachu bado haujaanza. Ni uzi wa wanga unaokatwa, na utamu huo ndio akiba yote ambayo chachu na bakteria watakula siku zijazo. Uji usiolegea siku hiyo hautatoa munkoyo mzuri hata ukiachwa wiki nzima, kwa sababu hakuna chakula kilichoandaliwa.

Hapa ndipo chipukizi wengi hukwama, na sababu yake kubwa ni joto. Uji lazima uchemke na kuiva, maana wanga mbichi hausikii vizuri makali ya vimeng'enya. Lakini vimeng'enya vyenyewe huharibiwa na joto kali. Hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto 50 hadi 65 hivi. Joto likipita 70 huanza kufa, na kwenye uji unaotokota hudumu dakika chache tu. Anayetumbukiza mizizi kwenye sufuria iliyo jikoni bado ameua alichokwenda kukitafuta porini. Anayengoja mpaka uji upoe kabisa naye anakosea kwa namna yake: vimeng'enya vinafanya kazi polepole, na katika muda huo mrefu wadudu wowote walioangukia chunguni hupata nafasi ya kutangulia. Asiye na kipimajoto anaweza kutumia hesabu. Kamina iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Uji wa moto ukichanganywa na maji yaliyochemshwa na kupoa, kiasi sawa kwa sawa, utashuka hadi karibu nyuzi 60. Uji mara mbili kwa maji mara moja utabaki kwenye 70 na ushei, na hapo inafaa kungoja kidogo. Kwa hiyo anayepika uji mzito makusudi, akijua kwamba ataulegeza kwa maji baridi kabla ya kutia mizizi, ana kipimajoto tayari: ni kikombe chake cha kupimia.

Baada ya hapo huja wale wanaochachua. Louis Pasteur, Mfaransa, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu bia, akionyesha kwamba bia haiharibiki kwa bahati mbaya bali huharibiwa na viumbe vidogo vilivyoingia bila kualikwa. Mwaka 1883, kwenye maabara ya kiwanda cha Carlsberg, Denmark, Emil Christian Hansen alifaulu kuotesha chachu safi kutoka kwenye seli moja, na tangu hapo viwanda vikaacha kutegemea bahati. Mama wa Kamina anayebakiza kikombe cha munkoyo uliofaulu ili akitie kwenye uji mpya hana maabara, lakini fikra yake ni ileile: usingoje mgeni yeyote aje, mkaribishe unayemjua. Katika munkoyo wageni wazuri ni wa aina mbili. Bakteria wa asidi ya laktiki huleta ukali, na chachu huleta kileo na mapovu. Kinywaji kilichotiwa mbegu nzuri kwa wingi huanza kazi mapema, na wageni wabaya hukuta viti vimejaa. Kisichotiwa kitu hutegemea kilichokuwa kwenye mizizi, kwenye kibuyu na hewani. Mara nyingi hufaulu, kwa sababu mizizi na vibuyu vya zamani vimebeba viumbe wazuri, lakini anayeanza na bidoni mpya ya plastiki hana urithi huo.

Ukali huo wa munkoyo ni ulinzi pia. Asidi ikiongezeka vya kutosha, kipimo cha asidi ambacho wataalamu hukiita pH hushuka chini ya 4, na bakteria wengi wanaoleta kuhara hawawezi kustawi humo. Nchini Tanzania utafiti uliochapishwa katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachuliwa, wa aina ya togwa, waliugua kuhara mara chache kuliko wenzao waliopewa uji wa kawaida. Kwa Haut-Lomami jambo hili lina uzito wa pekee. Kandokando ya mto Lualaba na maziwa ya Upemba, kuanzia Bukama hadi Kinkondja na Malemba Nkulu, kipindupindu hurudi mara kwa mara, na bakteria wa ugonjwa huo ni dhaifu mbele ya asidi. Lakini anayejifunza asije akasoma nusu ya habari. Asidi hiyo haipo siku ya kwanza. Hujengeka kwa saa nyingi. Munkoyo mtamu, ule unaopendwa na watoto, ndio wenye ulinzi mdogo kuliko wote. Na muuzaji anayeongeza maji ya kisima yasiyochemshwa kwenye munkoyo uliokwisha kukolea, ili ujaze vikombe vingi zaidi, anapunguza asidi na kuleta wadudu kwa mkono mmoja. Maji ya kuongezea yapaswa kuchemshwa mapema, siku ileile ya kupika, yakafunikwa na kuwekwa tayari.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kuongeza hofu, kwa kuwa moto na uchachu huua kila kibaya. Imani hiyo imegharimu maisha. Mwezi Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu waliohudhuria mazishi walikunywa pombe ya kienyeji ya unga wa mahindi. Zaidi ya 200 waliugua na 75 wakafa, mtengenezaji mwenyewe akiwa miongoni mwao. Uvumi ulienea haraka kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Wachunguzi wa Msumbiji na Marekani hawakuona nyongo. Waliona sumu iitwayo asidi ya bongkreki, inayotolewa na bakteria aina ya Burkholderia gladioli walioota kwenye unga ulioharibiwa na maji ya mafuriko. Sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha, na uchachu hauigusi. Huko Kenya, mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu katika maeneo ya Makueni na Kitui yalileta sumukuvu iliyoua watu 125 kati ya 317 waliougua, na sumukuvu nayo hustahimili moto wa jikoni. Katika mikasa yote miwili, chungu hakikuwa na kosa. Mahindi yalikuwa yameharibika kabla hayajafika jikoni. Hivyo basi ile desturi ya kupeleka kwenye pombe unga uliovunda, kwa hoja kwamba haufai tena kwa bukari, yaani ugali, lakini kwa kinywaji utafaa, ni desturi ya kuachwa kabisa. Unga usiofaa kuliwa haufai kunywewa. Kadhalika mizizi: anayeanza asichimbe mwenyewe mmea asioujua kwa kufuata sura ya majani, anunue kwa muuzaji anayejulikana na aonyeshwe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na linastahili heshima. Watu husema: bibi zetu hawakuwa na kipimajoto wala hawakusikia habari za bakteria, na munkoyo wao ulikuwa bora kuliko wetu. Ni kweli. Lakini si kweli kwamba walifanya kazi bila vipimo. Kiganja kilichowekwa kando ya chungu, kamasi ya uji inayokatika kwenye mwiko, harufu ya kibuyu kilichokauka juani, ulimi uliozoea kutofautisha ukali mzuri na ukali wa kuoza, hivyo vyote ni vipimo, na binti alivipata kwa kukaa miaka jikoni pamoja na mama yake. Kijana wa leo mjini hakupata miaka hiyo. Tena mazingira yamebadilika. Bibi alijua shamba mahindi yalikotoka na ghala yalimolala. Sisi tunanunua unga sokoni bila kujua ulilowa wapi njiani. Yeye alitumia kibuyu kisichokuwa na kazi nyingine. Sisi tunatumia bidoni ambayo pengine ilibeba mafuta au dawa ya shamba, na plastiki haisahau ilichobeba. Yeye aliwapa ndugu na majirani. Muuzaji wa karibu na stesheni humpa msafiri ambaye hatamwona tena. Kueleza sababu za alichofanya bibi ni kuyahifadhi maarifa yake ili yafike kwa mtu ambaye hakukaa naye jikoni.

Majira nayo yanadai heshima. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Kamina ni wa baridi, na chachu hufanya kazi polepole. Mwezi wa tisa na wa kumi, joto linapopanda kabla ya mvua kukaza, kazi ya siku mbili huweza kuisha kwa siku moja. Anayefuata hesabu ya siku bila kutazama majira atalaumu mizizi bure. Wakati wa baridi, chombo kifunikwe blanketi na kuwekwa karibu na jiko. Wakati wa joto, kiwekwe kivulini, sakafuni. Kifuniko kisikazwe. Chachu hutoa hewa ya kaboni, na chupa ya kioo iliyozibwa kinywaji kikiwa bado kinachacha inaweza kupasuka na kumjeruhi mtu. Kitambaa safi kilichofungwa mdomoni mwa chombo kinatosha: hewa inatoka, nzi haingii.

Kuna hatua moja ambayo chipukizi hapaswi kuikanyaga, nayo ni kugeuza pombe kuwa lutuku, yaani pombe kali ya kukenekwa. Munkoyo ulioharibiwa na uchachu mbaya mara nyingi huonya: pua na ulimi hukataa. Lutuku haionyi. Watu wengi huamini kwamba sumu ya methanoli hutengenezwa na uchachu wenyewe. Nafaka hutoa methanoli kidogo sana. Vifo vya halaiki mara nyingi vimetokana na kemikali za viwandani kutiwa kwenye pombe ili iwe kali, kama ilivyotokea Uganda mwaka 2010 na Kenya mwaka 2014, ambako makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka. Mnywaji hawezi kutambua tofauti, kwa kuwa rangi na ladha havimwambii. Katazo la serikali peke yake halikuwahi kutosha: tangu mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 mataifa ya kikoloni yaliazimia kuzuia pombe kali Afrika ya kati, na lutuku iko mpaka leo. Kinachobaki ni maarifa ya mtengenezaji na dhamiri yake.

Makanisa nayo yana neno lao, na katika Kamina neno hilo lina wasikilizaji wengi. Wamethodisti wana historia ndefu mjini, na Wapentekoste wamehubiri katika nchi hii ya Waluba tangu mmisionari William Burton alipofika Mwanza ya huku Katanga, si ile ya Tanzania, mwaka 1915. Wanauliza: kwa nini kufundisha watu kutengeneza kilevi, wakati ulevi unavunja nyumba tunazoziona kwa macho? Swali ni la haki, na madhara ya ulevi hayapaswi kupunguzwa. Lakini muumini anayekunywa munkoyo mtamu pia anahitaji kujua saa ambayo umeacha kuwa mtamu. Maarifa ya uchachu ndiyo yanayomwezesha mama kumpa mtoto kikombe bila kumpa kileo: apike asubuhi kwa maji safi, aupoze haraka, ugawiwe siku hiyohiyo, na uliobaki uwekwe mbali na watoto. Asiyejua hawezi kuweka mpaka. Anayejua anaweza, na kanisa linalotaka mpaka huo uheshimiwe lingefaidika na kina mama wanaojua unapopita.

Mwingine atasema bia ya chupa imetatua yote, na kiwanda cha Brasimba kimekuwepo Katanga tangu miaka ya 1920. Bia ya kiwandani ni salama na ladha yake haibadiliki, na hilo ni sifa. Lakini hailishi mtoto, haimpi mjane wa Kamina karo ya shule, na haiendelezi maarifa ya mizizi ambayo hakuna kiwanda kilichoyabuni. Tena usalama wa kiwanda unatokana na mambo yaleyale tuliyoyataja: nafaka hukaguliwa kabla ya kupokelewa, maji husafishwa, joto hupimwa, vyombo huoshwa, mbegu ya chachu hujulikana. Mashine ni kubwa, lakini orodha ni ileile, na kila kitu kilicho kwenye orodha hiyo kinaweza kufanywa jikoni kwa sufuria, kuni, kikombe na kitambaa.

Kwa hiyo anayeanza na apike kidogo, lita tano zatosha, na aandike kwenye daftari mambo ya siku ya kwanza: unga ulitoka wapi, mizizi ilinunuliwa kwa nani, maji mangapi ya moto na mangapi ya baridi, uji ulilegea baada ya muda gani, mbegu ya munkoyo uliopita ilikuwa kiasi gani. Munkoyo ukifaulu, atajua namna ya kuurudia. Ukikataa, atajua swali la kuuliza. Shule za ufundi za jimbo zinafundisha ushonaji na useremala. Hazitakosea zikiwaita kina mama wenye sifa ya munkoyo mzuri waje kufundisha mbele ya ubao, wakiwa na mizizi mkononi na kipimajoto kando yao, walipwe kama mafundi wengine. Ufundi wao umelisha watu wengi kwa muda mrefu. Kuuandika, kuupima na kuufundisha hadharani ndiyo njia ya kuhakikisha kwamba anayeuza kikombe kesho anajua alichokitia ndani yake leo.